Ukoo kwenye viatu: barua kwa mwanangu

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika na imeninyima usingizi. Unasema Faridi alirudi kutoka madrasa huko Leicester akilia, kwa kuwa mwenzake wa Kiarabu alimwita mtumwa mbele ya darasa zima. Unaniuliza: "Baba, dini yetu inabagua rangi au haibagui? Nimwambie nini mtoto?"

Jibu la vitabuni unalo. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat uliihifadhi hapa hapa Lamu, mtaani kwetu Langoni, meno ya utoto hayajakuisha kinywani. Hotuba ya kuaga ya Mtume wetu (s.a.w.) unaijua: Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mwekundu juu ya mweusi, ila kwa ucha Mungu. Na kisa cha sahaba Abu Dharri unakijua, alivyomwaibisha mwenzake kwa mama yake mweusi, Mtume akamwambia kwamba bado ana ujahili ndani yake. Msomee Faridi hayo leo usiku. Mimi barua yako imenipeleka kwa ami yako Shee.

Unajua kwamba Ami Shee alipeleka posa Mkomani, mtaa wa wakubwa, akakataliwa. Kwetu jambo hilo huguswa kidogo, kisha mtu akaomba chai. Usilolijua ni kwamba mimi nilikuwapo.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya uhuru. Nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, kazi yangu kubeba sinia ya halua. Babu yako alivaa kanzu yake ya Ijumaa, barua ya posa ameifunga kwa leso ya hariri. Bwana yule, jina lake unalijua na siliandiki, alitupokea vizuri kwenye daka la nyumba yake, ikaja kahawa, ikaja kashata. Akaisoma barua, akaikunja sawasawa, akasema, "Shee ni kijana wetu. Nampenda kwa ajili ya Mungu." Nikamwona babu yako ameanza kutabasamu. Bwana yule akainuka, akaingia ndani penye zidaka, akarudi na Minhaji ya Imam Nawawi, kitabu cha sheria cha Kishafi. Akafungua mlango wa nikahi, akasoma kwa Kiarabu kisha akatufasiria: asiye Mwarabu si kufu wa binti wa Kiarabu, yaani halingani naye kwa daraja. Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliponyanyua kidole kutoka kwenye mstari ule, babu yako akasema, "Naam."

Adhana ya Isha ikaingia. Tukatoka pamoja, mwenye nyumba na wageni wake, tukaenda msikitini. Na aliyeswalisha usiku ule alikuwa Shee, maana imamu alikuwa mgonjwa na Shee ndiye aliyekuwa akishika nafasi yake. Hakuwa na habari ya jibu. Nilisimama nyuma ya bwana yule, kanzu yake inanukia udi, nikamsikia akiitikia "Amin" kwa sauti kubwa kuliko wote kwa kisomo cha ndugu yangu. Tulipotoka, alichukua makubadhi yake, akampa babu yako mkono, akaenda zake. Njiani babu yako alisema neno moja ambalo nimelishika mpaka leo, nawe umelisikia kwangu hadi umelichoka: ukoo hauingii msikitini, humsubiri mtu nje, kwenye viatu.

Basi hilo ndilo ninaloamini, Rukia. Dini haikuleta daraja hizi. Ilizikuta.

Lakini najibishana mwenyewe, maana bwana yule hakutunga kitu. Maneno yale yamo kitabuni. Imam Nawawi alifariki Sham mwaka 1277, hakuijua Mkomani wala Langoni, wala hakuwa na binti wa kumnyima Shee. Siwezi kukwambia kuwa ni watu tu, na vitabu havina lao. Wanazuoni wa Kishafi walihesabu nasaba katika kufu, na walihesabu uhuru pia: aliyewahi kuwa mtumwa si kufu wa mwanamke aliyezaliwa huru. Nyanya yangu, mama yake babu yako, alizaliwa mikononi mwa watu wengine, na utumwa katika pwani yetu haukufutwa kisheria mpaka 1907. Kwa hiyo ukurasa ule ulituhusu mara mbili, na bwana yule, kwa adabu yake, akatusomea mara moja.

Hata hivyo, kitabu hicho hicho kinasema kufu ni haki ya binti na walii wake, na wakiridhia kuiacha ndoa ni sahihi. Hakuusoma mstari huo. Imam Malik aliitazama dini kabla ya nasaba. Na kabla ya maimamu wote, Mtume mwenyewe alimwoza Zaynab binti Jahsh, mtoto wa shangazi yake, kwa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Na Fatima binti Qays, Mkureshi, Mtume alimshauri aolewe na Usama, mtoto wa huyo Zayd na wa Ummu Ayman Mhabeshi. Fatima mwanzoni hakupendezwa, kisha akaolewa, akasema Mungu aliijalia kheri ndoa ile. Ukurasa upo, sikatai. Mtu ndiye anayechagua mahali pa kuweka kidole.

Wala si Lamu peke yake. Hawa Mahadharamu, Waarabu wa Hadharamaut, waliokuja kuuza maji na kahawa hapa Langoni, ndugu zao walivuka hadi Java na Singapore, na mgogoro ukawafuata huko: je, sharifa, mwanamke wa kizazi cha Mtume, aweza kuolewa na asiye sharifu? Sheikh Ahmad Surkati, Msudani aliyekwenda kusomesha huko Java, akasema ndoa ni halali. Wakafarakana mpaka yeye na wenzake wakaanzisha chama cha al-Irshad mwaka 1914. Nilipolisoma jambo hilo ukubwani nilifurahi siku nzima kwamba aliyesema alikuwa Msudani. Kisha nikahuzunika, kwa nini iwe hivyo? Kwa nini neno la haki lingoje mwenye rangi yake?

Na kwetu ni vivyo hivyo, ila kwetu aliyefungua mlango alitoka upande wa pili. Habib Saleh alikuja Lamu kutoka Ngazija, sharifu wa Jamalilleil, angeweza kukaa Mkomani na wakubwa. Akakaa huku kwenye makuti. Akawasomesha wazalia na watoto wa watumwa elimu ambayo wakubwa waliona si yao, akaingiza matari katika maulidi, na mji ukanung'unika. Msikiti wa Riyadha umetoka hapo. Unapoona zefe ya Mfungo Sita inapita na watu wametoka kila pembe ya mwambao, kumbuka kwamba zamani kuna waliosema hiyo si dini, ni ngoma za watumwa. Nyanya yangu alisoma kwa watu wake. Kwetu Habib Saleh, aliyefariki 1935, hatajwi bila kuombewa.

Lakini hapo pia nafsi inaniuliza: je, angesikilizwa kama si sharifu? Mkono wake ulibusiwa kwa nasaba yake. Mtu wa Langoni mwenye elimu ile ile angeambiwa akae chini. Nasaba ndiyo iliyowafungulia mlango wasio na nasaba, na sijui niifurahie vipi. Na masharifu wengi waliendelea kuozana wao kwa wao.

Kisha akaja Mwingereza na daftari lake. Aliwagawa watu wenyeji na wasio wenyeji, na kodi ya kibanda ikawa ya wenyeji. Mwarabu akaandikwa si mwenyeji. Huko Mombasa Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa mji, walihangaika miaka na miaka waandikwe pamoja na Waarabu. Unguja, kati ya hesabu ya watu ya 1924 na ile ya 1931, walioandikwa Waswahili wakapungua mno, na hawakufa, walibadili jina. Kila nyumba ikatafuta shajara ya nasaba inayotokea Shiraz au Hadharamaut. Hakuna aliyetaka babu kutoka bara. Dini ilikuwa imeupa Uarabu heshima, serikali ikaupa faida, na watu weusi kama mimi na wewe wakaanza kusema wao si weusi. Bwana yule wa Mkomani, Mungu anisamehe, alikuwa mweusi kumshinda Shee.

Unataka nimhukumu? Nimetaka kumhukumu tangu utotoni. Lakini kila Idi, mpaka alipofariki, alimletea Shee kanzu mpya na kofia ya vito, anazileta mwenyewe, hatumi mtu. Na Shee alizivaa. Mimi nilikasirika, nikamwambia azirudishe. Akanijibu, "Kanzu ni nzuri." Sijui ilikuwa toba au ilikuwa malipo. Neno ninalotaka kumwita bwana yule liko karibu sana na kalamu, nami siliandiki, kwa sababu Shee hajaliandika.

Sasa Faridi. Usimtoe madrasa. Mwambie nyanya ya babu yake alizaliwa utumwani, na mjukuu wake aliswalisha Mkomani. Ayajue kutoka kwako, asiyasikie kwa mwenye kumtukana. Na nenda ukamwone huyo ustadhi kabla ya Ijumaa, mumeo awe nawe. Akikusomea aya, mshukuru, kisha mwulize kama ameshazungumza na wazazi wa yule mtoto au bado. Nijulishe atakalojibu.

Baba yako