Kumfundisha mdogo wangu kunatosha kuwa sababu ya kuomba ualimu?

Ndugu, umeuliza kama kumsaidia mdogo wako hesabu za sehemu ni sababu tosha ya kuomba chuo cha ualimu. Inatosha, ila usiandike "napenda watoto". Wengi huandika hivyohivyo. Simulia tukio lenyewe: alijumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, ukagundua anajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, ukakunja karatasi vipande 6, akahesabu 3 vya nusu na 2 vya theluthi, akapata 5/6. Hapo msomaji anakuona ukifundisha.

Kabla ya kuomba, kaa darasani wiki 2 kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, na usahihishe madaftari pia. Mtoto 1 si 40!

Kama kinachokusukuma ni kidonda cha mwalimu aliyekudhalilisha, muone kwanza mshauri nasaha. Darasa huvitonesha vidonda hivyo.