Pedali moja au kuacha gari liserereke?

Mkuu, umeuliza kama kuendesha gari la umeme kwa pedali moja (yaani ukiinua mguu kwenye pedali ya mwendo, gari linajipunguza lenyewe bila kukanyaga breki) kunaokoa chaji kuliko kuliacha liserereke lenyewe. Kuserereka kunashinda, ilimradi huna haja ya kusimama.

Ukiachia pedali, mota inageuka jenereta: mwendo unakuwa umeme, unaingia kwenye betri, halafu baadaye unatolewa tena kurudisha mwendo uleule. Kila hatua inapoteza kidogo kwa joto. Gari likiserereka, mwendo unabaki kuwa mwendo, hakuna ushuru njiani. Ila taa nyekundu ikiwa mbele ni lazima upunguze, na hapo mota inakurudishia kile ambacho pedi za breki zingekichoma bure.

Halafu pedali moja haikuzuii kuserereka. Tazama mita ya nguvu kwenye dashibodi, inua mguu taratibu hadi ikae kwenye sifuri, haichaji wala haitumii. Ukizoea, unyayo wenyewe unapajua. (Mimi wiki ya kwanza nilikuwa naachia ghafla, abiria wanatikisa vichwa kama wanaokubaliana na kila ninachosema.)

Kuwa makini na jambo moja: betri ikijaa kabisa, au ikiwa ya baridi sana, haipokei umeme mwingi, kwa hiyo ukiachia pedali gari linaweza lisipunguze mwendo kama ulivyozoea. Mguu uwe karibu na breki. Nazo zikanyage vizuri mara mojamoja, maana diski zisizotumika hushika kutu.