Uulizeni mchoro kabla ya kuandika programu

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kutengeneza programu za kompyuta hapa Bukavu, mfumo wangu wa kwanza ulikuwa wa farmasi yenye depo Ibanda na matawi Kadutu na Panzi. Siku ya kuuonyesha, kila kitu kilikubali. Wiki ya pili umeme ukakatika Ibanda, ilipokaa seva, yaani kompyuta kuu yenye data yote. Bosi akanipigia simu kutoka Kadutu: "Huku umeme uko, juu ya nini hatuuzishi?"

Jibu lilikuwa tangu mwanzo kwenye mchoro wangu wa mfumo, ambamo visanduku ni sehemu zake na mishale ni mawasiliano kati yao: mishale yote iliishia kwenye kisanduku kimoja, seva. Ili risiti moja itoke Kadutu, vilihitajika seva, intaneti na umeme wa Ibanda, vyote pamoja. Hata kila kimoja kingepatikana 99% ya muda, ukizidisha unabaki na 97%, yaani karibu siku 11 kwa mwaka bila kuuza. Na nani hapa amewahi kuona umeme wa 99%?

"Mfumo uwe imara" ni maneno ya kampeni; hayapimiki. Andikeni tukio lenye namba: saa nne asubuhi, intaneti imekatika Panzi, muuzaji anauza paracetamol; risiti itoke ndani ya sekunde 3, na hesabu zifike depo dakika 10 baada ya intaneti kurudi. Kisha fuateni mishale kwa kidole. Kidole kikikwama, mmepata kasoro kabla ya kuilipia. ISO/IEC 25010 ya 2011, kiwango cha kimataifa cha ubora wa programu, ina sifa nane za ubora. Msizibebe zote, chagueni mbili tatu zinazomnyima bosi usingizi.

Dawa ya kasoro hiyo nayo ina madhara yake. Tulipolipatia kila tawi nakala yake ya data, Kadutu na Panzi wakaahidi wateja katoni ileile ya mwisho ya depo. Upatikanaji ulipanda, usahihi ukashuka. Mbinu ya kukagua michoro ya mifumo iitwayo ATAM, ya Software Engineering Institute ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon, inatafuta hasa sehemu kama hizo, ambapo ukipata hiki unapoteza kile. Bosi aliamua hivi: dawa iliyo rafuni iuzwe hata bila intaneti, ya depo isubiri. Uamuzi wa aina hiyo ni wa bosi, si wenu.

Kasi kamili mchoro hauwaambii. Hiyo pimeni kwa jaribio dogo.

Na mwiteni muuzaji akae nanyi mezani. Wetu aliuliza tu: "Dola ikipanda asubuhi, nani anabadilisha bei za franka?" Nikahesabu visanduku vya kugusa: vitatu, na kila kimoja kilitaka mimi mwenyewe nipande pikipiki.