Nenda Xi'an Mwezi wa Kwanza

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama inafaa mtu aliyekulia katika nchi za joto kufunga safari ya matembezi kwenda nchi ya baridi katikati ya majira ya baridi yenyewe, na kama inafaa, aende wapi na ajiandae vipi. Jibu langu ni kwamba inafaa, na mji ninaoupendekeza ni Xi'an, makao makuu ya jimbo la Shaanxi nchini China. Nautaja kwa mwezi wa kwanza wala si kwa mwezi wa saba, kwa sababu yale yanayompeleka mgeni Xi'an yanahitaji kutazamwa kwa utulivu, na utulivu huo hauuzwi popote katika miezi ya likizo, wakati familia za Kichina zinapomiminika huko na watoto wao.

Xi'an ndiyo Chang'an ya zamani, mji mkuu wa watawala wa ukoo wa kifalme wa Han na baadaye wa ukoo wa Tang, ambako misafara ya biashara ya hariri ilianzia na kuishia. Ukuta unaouzunguka mji wa kale hivi leo ulijengwa na watawala wa ukoo wa Ming katika miaka ya 1370. Mzunguko wake ni karibu kilomita 14, kimo chake mita 12, na juu yake ni mpana kama barabara, kiasi kwamba baiskeli hukodishwa huko. Wakati wa kiangazi joto la Xi'an hukaribia nyuzi 40, na juu ya ukuta hakuna kivuli cha kujificha. Mwezi wa kwanza kuna upepo unaouma masikio, lakini mtu anaweza kuendesha baiskeli kutoka lango la kusini hadi kona ya ukuta bila kupiga kengele hata mara moja. Jambo jingine linalomnufaisha mgeni ni saa. China nzima hufuata saa za Beijing ilhali Xi'an iko mbali upande wa magharibi, hivyo katika majira ya baridi jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, na anayetaka kuona mapambazuko juu ya ukuta hana haja ya kuamka usiku wa manane.

Kwenye askari wa udongo, yaani sanamu za askari zilizozikwa karibu na kaburi la mfalme Qin Shi Huang ili kumlinda, tofauti ya msimu inaonekana waziwazi zaidi. Wakulima waliokuwa wakichimba kisima huko Lintong, mashariki ya mji, ndio waliowafukua bila kutarajia mwezi wa tatu mwaka 1974. Shimo la kwanza lina urefu wa mita 230 na upana wa mita 62, na inakadiriwa kwamba lina sanamu 6,000 hivi, nyingi zikiwa bado chini ya udongo. Katika msimu wa watalii, watu husimama safu kadhaa kwenye vyuma vya kuzuilia, na mtu mfupi huishia kutazama visogo vya wenzake. Mimi nilipofika, nilisimama mbele kabisa kwa muda nilioutaka, nikaanza kuona yasiyoonekana katika picha: mafundo ya nywele yaliyosokotwa upande wa kulia wa kichwa, masharubu yasiyofanana, masikio ya kila namna. Katika shimo la pili kuna mpiga mshale aliyepiga goti ndani ya kabati la kioo. Mzungukeni kwa nyuma, mtaona kwamba fundi amechora hata mishono kwenye soli ya kiatu chake, mingi kwenye vidole na kisigino, michache katikati, kama ambavyo mshona viatu angefanya ili soli isilike upesi. Sanamu hizi zilikuwa na rangi, lakini zilipofukuliwa, rangi ilianza kubanduka ndani ya dakika chache kwa ukavu wa hewa. Kaburi lenyewe la mfalme huyo, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo, halijafunguliwa mpaka leo, na kwa maoni yangu ni heri lingojee hadi elimu ya kuhifadhi rangi itakapokamilika.

Anayekwenda huko asipite Huaqing bila kuteremka. Ni bustani ya chemchemi za maji ya moto chini ya mlima Li, yenye maji ya nyuzi 43 hivi. Wengi huenda kwa ajili ya kisa cha mfalme Xuanzong wa Tang na kipenzi chake Yang Guifei, ambao mabirika yao ya mawe ya kuogea yamefukuliwa na yanaonyeshwa. Mimi nilivutiwa zaidi na kisa cha baridi. Alfajiri ya tarehe 12 Desemba 1936, askari wa jemadari Zhang Xueliang waliishambulia nyumba aliyolala Chiang Kai-shek, kiongozi wa China wakati huo, wakitaka aache kuwapiga Wakomunisti na aungane nao dhidi ya Wajapani. Kiongozi huyo alitoroka kupitia dirishani, akaruka ukuta, akaumia mgongo, na akakutwa amejificha mlimani kati ya mawe, akiwa katika nguo za kulalia. Aliachiwa tarehe 25 ya mwezi huohuo. Matundu ya risasi bado yanaonyeshwa kwenye vioo vya madirisha. Kuyatazama mwezi wa nne miti ikiwa imechanua ni jambo moja. Kuyatazama huku pumzi yako inatoka kama moshi, ukainua macho kwenye ule mteremko mtupu, ni jambo jingine kabisa.

Ndani ya ukuta, karibu na Mnara wa Ngoma, uko mtaa wa Waislamu wa kabila la Wahui, na katikati ya vichochoro vyake umo Msikiti Mkuu. Wenyewe huuhesabu tangu mwaka 742, enzi ya Tang, ingawa majengo yanayoonekana kwa sehemu kubwa ni ya enzi ya Ming, yaliyoanza mwaka 1392. Sisi tuliozoea misikiti ya pwani tunaweza kuupita bila kuutambua, kwa kuwa hauna kuba, na mnara wake ni jengo la mbao la pembe nane lenye mapaa matatu yaliyopandana. Lakini ukitazama ramani yake, utaona lililo la ajabu zaidi. Mahekalu ya Kichina kwa desturi hutazama kusini, ilhali msikiti huu umelala kutoka mashariki hadi magharibi, ua baada ya ua, kwa kuwa kibla ya Waislamu wa China iko magharibi. Ukumbi wa swala hauingiwi na watalii. Mwenye kuswali huingia. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe alinipa birika la maji ya uvuguvugu ya kutawadhia, na kwa baridi ile niliona amenifanyia hisani kubwa. Ndani, kuta zimepambwa kwa mbao zilizochongwa aya za Kurani, kwa Kiarabu na kwa Kichina.

Chakula cha mtaa huo nacho ni cha msimu wa baridi hasa. Paomo ni mkate mgumu unaochemshwa katika supu ya kondoo, na mpishi hakatiwi mkate huo na mtu mwingine ila mlaji mwenyewe. Unaletewa bakuli kubwa tupu na mikate miwili ya duara, unanawa mikono, kisha unaanza kuimega vipande vidogo kama punje za maharage. Kazi hii huchukua hata nusu saa, na watu hukaa mezani wakizungumza kama wanaochambua mchele barazani. Ukimaliza, bakuli huchukuliwa pamoja na kibao chenye namba ili lisichanganywe na la mwingine. Linaporudi, lina nyama, tambi nyembamba za wanga na supu iliyopenya ndani ya kila kipande. Pembeni huwekwa pilipili ya kusaga na vitunguu saumu vilivyolowekwa katika siki na sukari. Kwa Mwislamu msafiri, mtaa mzima ni halali, na hiyo ni raha isiyopatikana kirahisi katika miji mingi ya China.

Sitaficha kasoro. Hewa ya majira ya baridi si nzuri. Ziko siku ambazo ukungu wa moshi hufunika mji, na mwenye pumu ashauriane kwanza na daktari wake. Theluji ni nadra, hivyo anayeifuata theluji aende Harbin, kaskazini mwa China. Kampuni moja ya matembezi ilitupitisha katika maduka ya vito tusiyoyaomba na kutupotezea muda mwingi. Tangu hapo nashauri watu watumie treni ya chini ya ardhi, ambayo inafika hadi Huaqing. Epukeni pia siku zinazozunguka Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Taa zinazopambwa juu ya ukuta wakati huo ni nzuri sana, lakini utulivu niliousifu hautakuwapo, na tiketi za treni nchi nzima huwa za kugombania.

Kuhusu maandalizi, baridi yenyewe haitishi kama inavyosimuliwa. Mchana huwa nyuzi 5 hivi na usiku hushuka chini ya sifuri. Kwa kuwa mji uko kaskazini ya milima ya Qinling, nyumba hupashwa joto kwa mabomba kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Machi, na wafanyabiashara wetu waliowahi kutetemeka vyumbani mwao Yiwu, mji ulio kusini ya milima hiyo, watashangaa kulala bila koti. Vaeni nguo nyepesi kadhaa kwa kupandanisha, zinazovulika upesi mkiingia ndani, na viatu vya soli nene, kwa sababu sakafu za mawe hupitisha baridi miguuni. Hilo nililihisi zaidi katika kumbi za Beilin, ile makumbusho ya mawe ya maandishi. Kadi ya benki iunganishwe na Alipay au WeChat kabla ya kuondoka nyumbani, maana wauzaji wengi wa barabarani hupokea malipo kwa simu. Na simu yenyewe iwekwe mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwani betri huisha upesi kwenye baridi, na simu ikizimika mbele ya bakuli la paomo, mwenye mkahawa atataka fedha taslimu.

Msomaji wenu, Tanga