Kesi ya Margaret Pole: kwa nini huipati

Habari ndugu. Unasema umetafuta kesi ya Margaret Pole, mama wa ukoo wa kifalme wa Uingereza, aliyekatwa kichwa London mwaka 1541, na hujaona hata shahidi mmoja. Hutamwona, kwa sababu mama huyu hakufikishwa mahakamani. Angalia kwanza sheria za Bunge za 1539. Humo ndimo alimohukumiwa bila kusikilizwa. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliwaonyesha mabwana wa Bunge vazi la hariri lililotariziwa majeraha matano ya Kristo, eti limekutwa kwenye mali za mama huyo. Basi, huo ndio ushahidi!

Mimi kilichonifungua macho ni ukoo. Baba yake alikuwa ndugu wa wafalme wawili, na mdogo wake Edward aliuawa 1499. Henry VIII mwenyewe alimrudishia cheo cha ukabaila cha Salisbury mwaka 1512, baadaye akamkabidhi na binti yake Mary amlee. Kisha mwanawe Reginald, akiwa Italia, akaandika kumpinga mfalme. Mwana hakushikika, akashikwa mama, akauawa akiwa mtu mzima wa miaka 67. Inaniuma kila nikisoma.

Mwana mkubwa wa Margaret, Henry Pole, alishtakiwa mbele ya mabwana wenzake Desemba 1538. Kesi hiyo ipo, itafute.