Barua kwa mwanangu: walivyoficha vita ndani ya "Hali ya Hatari"

Mwanangu mpendwa,

Zile picha za magazeti ya zamani ulizonitumia nimezisoma zote, miwani ikiniteleza puani. Unauliza mbona waandishi wa miaka ya hamsini, wa Nairobi na wa London, walishikilia "emajensi" kila ukurasa, yaani Hali ya Hatari, ilhali cucu yako, yaani nyanya yako, mpaka anazikwa aliita vita, vile vya Mau Mau na Waingereza hapa Kenya.

Kwa serikali ya kikoloni, vita lilikuwa neno ghali. Ukikiri kuna vita, unayemkamata ni mateka, na Mikataba ya Geneva ya 1949 imeshasema mateka atendewe vipi. Ukisema ni hali ya hatari, huyo huyo anakuwa mhalifu tu. Gavana wa Kenya, Evelyn Baring, alipotia saini tangazo lake tarehe 20 Oktoba 1952, hakumtangazia mtu vita. Alijipa mamlaka ya kutunga kanuni. Chini ya kanuni hizo, kukutwa na risasi peke yake kulitosha kumnyongesha mtu, na kufikia mwisho watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamenyongwa.

Kisha kuna hili ambalo nadhani wanahistoria hulipita haraka mno. Vita vina pande mbili, na msomaji atauliza upande wa pili unadai nini. Hali haina upande wa pili. Inatokea kama mafuriko, serikali inaishughulikia, raia wema wanaombwa wavumilie. Neno ardhi, ambayo Mau Mau waliipigania, likakosa pa kuingilia kwenye habari.

Mwandishi naye angefanya nini? Msitu wa Nyandarua ulikuwa umepigwa marufuku, mtu yeyote aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi. Kwa hiyo habari nyingi zilitoka kwenye taarifa za serikali: magaidi kadhaa wameuawa, bunduki kadhaa zimepatikana. Aliyachukua maneno hayo kama yalivyo, wengine kwa uvivu, wengine kwa kuyaamini. Simwonei huruma sana. Kuanzia Novemba 1953 ndege za kivita za Lincoln zilikuwa zikiangusha mabomu Nyandarua na Mlima Kenya, vikosi vya Waingereza viko chini ya Jenerali Erskine, na bado gazeti linaandika "hali"!

Usidhani ni Kenya pekee. Nchi ya Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) ilibandikwa neno hilo hilo mwaka 1948, Kupro 1955, Nyasaland (Malawi ya leo) 1959. Wafaransa nao kule Algeria walisema "matukio", na bunge lao halikukubali rasmi kuyaita vita hadi 1999.

Huku kwetu Murang'a neno lilishuka hadi mlangoni. Kuanzia 1954 watu walibomolewa nyumba zao za kutawanyika wakakusanywa vijijini. Cucu yako alichimba handaki la kuzunguka kijiji chake, akachonga vijiti vya kuchomeka chini kwenye handaki, ncha juu, ili waliomo msituni wasiingie kuchukua chakula. Kaka yake alikuwa miongoni mwa hao waliomo msituni. Jioni homgadi, wale walinzi wa kienyeji wa serikali, wakifunga lango, aliyechelewa shambani ana lake. Serikali iliviita vijiji tu, na magazeti yakaviita vijiji.

Umeuliza pia uandike neno gani kwenye tasnifu yako. Katika sentensi zako mwenyewe andika vita. Unapotaja sheria, mahakama au tangazo, acha Hali ya Hatari, maana hilo ndilo jina lake kisheria hadi ilipoondolewa Januari 1960. Usichanganye, profesa atakusumbua.

Na kwenye picha zako sijaona za Machi 1959. Zitafute. Tarehe 3 mwezi huo wafungwa 11 wa kambi ya Hola waliuawa kwa kipigo cha walinzi, na taarifa ya kwanza ya serikali ikasema walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Linganisha gazeti la juma lile la kwanza na la baada ya uchunguzi wa vifo, uone ni maneno gani yalibadilika na yapi yalibaki palepale. Hapo utapata sura nzima ya tasnifu.

Ukipata nakala, nitumie kwa herufi kubwa kidogo.

Mama yako