Kabla hujalipia darasa la "kila herufi ya Kichina ni picha", soma hapa

Usilipe hiyo hela mkuu. Umeandika unataka kujua herufi za Kichina kabla ya safari yako ya mzigo Guangzhou, unauliza zilianzia wapi, kama ukariri radikali zote 214 (vile vipande vya msingi vinavyojirudia ndani ya herufi), uanze na zilizorahisishwa au za zamani, uandike kwa mkono au simu inatosha, halafu mwisho kabisa ukatupia kwamba umempata mwalimu anauza video za "kila herufi ni picha yenye hadithi yake". Hapo ndo nikashindwa kunyamaza. Darasa la namna hiyo nimelipia na lilinila mtaji.

Wa kwangu alianza hivyohivyo. 山 mlima una vilele vitatu, 木 mti, 人 mtu, 休 mtu kaegemea mti anapumzika, 森 miti mitatu ni msitu. Unaona kumbe Kichina chepesi, na hizo zote ni kweli, hapo hajadanganya mtu. Shida ni kwamba picha zinaisha, tena mapema sana. Xu Shen, yule aliyetunga kamusi ya Shuowen Jiezi mwaka 100, alichambua herufi 9,353, na za picha tupu humo hazifiki 400. Zaidi ya asilimia 80 zimejengwa kwa vipande viwili, kimoja kinadokeza maana na kingine kinatoa sauti. Sasa mtu ambaye keshakuuzia kozi kwamba kila kitu ni picha atafanya nini picha zikiisha? Anatunga!

Akatuletea 妈, mama. Kushoto mwanamke 女, kulia farasi 马, akasema mama anabeba mizigo ya nyumba kama farasi. Wote tukaandika. Jamani farasi hana kazi yoyote pale zaidi ya kutoa sauti, farasi ni mǎ na mama ni mā, basi. Ndo maana yupo kwenye 吗 ya kuulizia mwisho wa sentensi, mdomo na farasi, yupo kwenye 骂 kutukana, midomo miwili juu yake, yupo kwenye 码 ya namba, jiwe na farasi, na yupo kwenye 蚂 ya sisimizi, mdudu na farasi. Zote zinasomeka ma, toni tu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, zinabadilika. Ukijua hilo umezipata zote kwa mkupuo mmoja, usipojua utakariri hadithi tano za farasi zisizohusiana na bado hakuna hata moja utakayoweza kuitamka.

Na hiyo ya kutamka ndo iliyoniumiza mimi, naomba usome hapa taratibu hata kama mengine utaruka.

Nilikuwa nachukua koki za maji, hizi za kuogea na za sinki, nyingi zinatoka Shuikou kule Kaiping, mkoa huohuo wa Guangdong ilipo Guangzhou yako. Koki ya maana ni ya shaba, na shaba kwa Kichina ni tóng, hilo nililijua kwa mdomo, na dukani nilisema kabisa nataka tóng, muuzaji akaitikia, sampuli akanipa nikaishika ilikuwa nzito vizuri. Ikaja karatasi ya bei. Kwenye sehemu ya malighafi imeandikwa 锌合金. Mimi na elimu yangu ya picha nikaona 钅 kushoto, nikajua madini, nikaona 金 mwishoni, na mwalimu alitufundisha 金 ni dhahabu, 合 ni kifuniko kimefunika mdomo yaani kuungana, nikajisomea "madini yaliyoungana na dhahabu" nikaona poa sana, hii lazima ni ile shaba ya njano. Na bei ilikuwa imeshuka kidogo nikafurahi eti nimepatana vizuri. Nikalipa dipoziti.

合金 ni aloi, mchanganyiko wa metali. Na 锌 ni zinki. Nilinunua koki za aloi ya zinki!

Ukipaka kromu juu huwezi kuzitofautisha kwa macho, zinang'aa vilevile, labda uzito. Mzigo ukafika Kariakoo, nikauza kwa bei ya shaba bila kujua, na Dar unajua maji ya visima yalivyo na chumvi, miezi haikuwa mingi mafundi wakaanza kurudi na koki zimepasuka kwenye nyuzi, nyingine imekatikia ukutani kwa mteja na maji yamejaa ndani. Nimerudisha hela za watu, nimepoteza mafundi walioniamini miaka, na zilizobaki nikazitupa kwa bei ya chuma chakavu. Muuzaji siwezi kumwita mwizi moja kwa moja, ingawa sampuli yake ilikuwa ya shaba, kwa sababu kwenye karatasi aliandika ukweli na mimi ndo niliyesaini.

Sasa ona ilivyokuwa rahisi. Shaba inaandikwa 铜. Upande wa kulia ni 同, tóng, hiyohiyo ya 同学 mwanafunzi mwenzako, unaijua tangu somo la mwanzo. Chuma cha pua kina 钢, gāng, kulia 冈 gāng. Alumini 铝, lǚ, kulia 吕 lǚ. Na 锌 kulia ina 辛, xīn, hiyo ya 辛苦 xīnkǔ ambayo Wachina wanakwambia kutwa nzima kukupa pole ya kazi. Yaani upande wa kushoto zote zinasema "metali", kazi yote ya kutofautisha iko kulia na kulia ni sauti. Nilitakiwa niangalie karatasi niulize swali moja tu, mbona mdomoni tumesema tóng na hapa sioni 同? Sekunde moja. Hata kama sijui xīn ni kitu gani, ningeiandika kwenye simu kwa pinyin, yaani matamshi ya Kichina kwa herufi za abc, ikaniletea zinki. Lakini herufi usiyoweza kuitamka huwezi kuichapa kwa pinyin, huwezi kumuuliza mtu, umebaki unaiangalia tu na kuitungia ngano.

Halafu zinki yenyewe ndo inatia hasira zaidi, kwa sababu haina picha ya kale wala nini. Karne ya 19 Wachina walipotafsiri vitabu vya kemia, Shanghai pale, akiwemo mtafsiri Xu Shou, elementi nyingi hazikuwa na herufi kwa hiyo wakazitengeneza, 钅 pembeni na kulia kipande chenye sauti inayokaribia jina la Kizungu. Utaichorea hadithi gani hiyo? Mwalimu anayekwambia kila herufi ina picha hajawahi kufungua hata jedwali la elementi la shule ya sekondari ya Kichina.

Kuhusu zilikotoka, kwa kifupi, maandishi ya zamani kabisa tuliyonayo ni ya kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe ya enzi ya Shang, kama miaka 1200 kabla ya Kristo, yalikuwa ya kupigia ramli, na wasomi waliyatambua mwaka 1899, yakafuatiliwa hadi Anyang mkoa wa Henan. Na hata huko sauti ilishaanza kazi. 来, kuja, ilikuwa picha ya mmea wa ngano, ikaazimwa kwa sauti, yaani kwa sababu maneno yalisikika karibu sawa. 我, mimi, ilikuwa silaha, ikaazimwa. 东, mashariki, watakwambia ni jua nyuma ya mti, hata Xu Shen aliamini hivyo ila yeye hakuwahi kuiona ile mifupa, kwenye mifupa inaonekana kama mfuko uliofungwa juu na chini, nayo imeazimwa.

Kwa hiyo sheria ni moja, herufi yoyote mpya usiikariri mpaka umeuliza kipande kipi kinatoa sauti. Na jifunze kwa ukoo. Chukua 包 bāo, ukiweka chakula 饣 ni 饱 bǎo kushiba, mkono 扌 ni 抱 bào kukumbatia, mguu ⻊ ni 跑 pǎo kukimbia, maji 氵 ni 泡 pào povu. Chukua 青 qīng, maji 清 safi, maneno 讠 ni 请 karibu au tafadhali, moyo 忄 ni 情 hisia, jua 晴 anga jeupe, na jicho 睛 hapo sauti inateleza inakuwa jīng. Zinateleza ndiyo, herufi nyingi zina miaka elfu mbili na zaidi na matamshi yamehama, 江 mto ni jiāng wakati 工 ni gōng, ila bado ni mwanga kuliko giza. Na kuna chache ambazo kurahisisha kulifuta sauti yake, kama 鸡 kuku, hiyo 又 ni alama tu, usiitafutie kitu.

Radikali 214 achana nazo, hizo zilikuwa za kupanga kamusi, ndo idadi iliyotumika kwenye ile ya mfalme Kangxi ya 1716. Za kushoto zinazojirudia, maji, mkono, mtu, maneno, metali, chakula, zinakutosha kuanzia. Ila 月 ukiikuta kwenye viungo vya mwili, 肝 ini, 肚 tumbo, 脚 mguu, kwa kawaida hiyo ni nyama 肉 imefupishwa, siyo mwezi, na mwalimu wangu alitufundisha mwezi.

Anza na ukoo wa 包 leo, halafu 同. Na ukishapewa karatasi ya bei huko Guangzhou, kabla hujatuma dipoziti, ipige picha, ficha jina la duka, itupie hapahapa kwenye uzi, nitakusomea hata usiku wa manane.